Hesabu zamu kabla ya kuhesabu pointi

Wadogo zangu mnaoanza kusaidia kitengo cha takwimu kwenye timu za vyuo hapa Marekani, wengi wenu mmefika kama nilivyofika mimi. Umekulia kwenye soka, unaona tangazo kwamba timu ya futiboli ya Kimarekani inatafuta wanafunzi wanaojua kutumia kompyuta, unaomba, unachukuliwa. Sheria unazijifunza haraka: majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukizipata unapewa mengine manne, na tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6. Kazi inaanza siku kocha anapouliza, katikati ya msimu, "Ushambuliaji wetu unaendeleaje?"

Msimu wangu wa kwanza nilijibu swali hilo kwa wastani wa pointi. Timu ilikuwa ikipata zaidi ya 30 kwa mechi, nikaandika kwamba mambo ni mazuri. Kocha alisoma, akaniuliza ni zamu ngapi, yaani vipindi vya kuushika mpira mpaka tufunge au tuupoteze, tulianzia karibu na lango letu wenyewe tukafika mwisho. Sikuwa na jibu. Nilirudia video za mechi zote nne, na nilichokikuta kilinisikitisha: walinzi wetu ndio waliokuwa wakinyang'anya mpira karibu na lango la wapinzani, na washambuliaji wakamalizia yadi 15 au 20 zilizobaki. Mwezi uliofuata mipira ya kunyang'anya ikaadimika, na pointi zikakauka pamoja nayo. Ripoti yangu ilikuwa imewasifia watu wasiohusika, na ilimchelewesha kocha kurekebisha tatizo ambalo tayari lilikuwepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni hili: pointi kwenye ubao ni za timu nzima. Tazameni timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Tarehe 3 Septemba 2022 waliifunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni hata moja. Pointi 3 zilitokana na teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, na 4 zilitokana na sefti mbili, yaani mpinzani kuangushwa akiwa na mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho. Sefti ni kazi ya ulinzi. Mwaka uliofuata mkataba wa mratibu wao wa ushambuliaji, Brian Ferentz, uliwekewa lengo la wastani wa pointi 25 kwa mechi, na pointi za walinzi na za vikosi vya mateke zilihesabiwa humohumo. Hata kwa msaada huo, timu iliishia kwenye wastani wa takribani 15. Lakini ilishinda mechi 10! Aliyesoma msimamo tu angeona timu nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, kwa ulinzi wake na kwa mguu wa Tory Taylor, kijana wa Australia aliyevunja rekodi ya vyuo kwa kupiga panti, yaani mateke ya kumpelekea mpinzani mpira mbali, za jumla ya yadi 4,479 katika msimu mmoja. Ukumbuke panti hupigwa ushambuliaji unapokwama. Rekodi ile inasimulia habari mbili kwa wakati mmoja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni zamu ya kushambulia. Kila timu inapopata mpira, andika ilianzia yadi ya ngapi, ilicheza majaribio mangapi, na zamu iliishaje: tachidauni, teke la pointi 3, panti, kupoteza mpira, au muda kuisha. Kisha gawanya pointi kwa idadi ya zamu. Hapo timu yenye mwendo wa taratibu na yenye mwendo wa kasi zinaweza kukaa kwenye mizani moja. Septemba 2018 Army, timu ya chuo cha jeshi la Marekani, walikwenda Oklahoma wakaushika mpira kwa zaidi ya dakika 44 kati ya 60, wakikimbia nao jaribio baada ya jaribio. Oklahoma, waliokuwa na Kyler Murray kama kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi, wakashinda 28–21 katika muda wa nyongeza. Ukipima Oklahoma ya siku hiyo kwa jumla ya yadi au pointi utasema ilicheza vibaya, kumbe zamu zenyewe zilikuwa chache mno.

Ndani ya zamu, angalia kila jaribio kama lilifanikiwa. Kigezo kinachotumika sana ni hiki: jaribio la kwanza lipate nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70 ya zilizobaki, la tatu na la nne zipatikane zote. Mbio ya yadi 4 katika jaribio la tatu lenye yadi 3 za kwenda ni ushindi. Pasi ya yadi 9 katika jaribio hilohilo la tatu pale zinapohitajika 12 ni kushindwa, ingawa kwenye jedwali la jumla 9 inaipita 4. Nilipoanza kuhesabu hivi niliona kitu ambacho macho yangu hayakuwahi kukiona: matatizo yetu ya jaribio la tatu yalizaliwa kwenye jaribio la kwanza. Tulikuwa tunapata yadi 1 au 2, halafu kwotabeki anabebeshwa mzigo wa yadi 8 wakati kila mlinzi uwanjani anajua pasi inakuja. Watu walimlaumu kijana yule bila haki. Hesabu nzuri ilimtetea.

Pia jihadharini na jambo la vyuoni ambalo ligi ya kulipwa hailifanyi. Kwotabeki akiangushwa kabla ya kurusha, yadi anazopoteza hukatwa kwenye yadi za mbio. Wakimbiaji wakipata yadi 120 na kwotabeki akaangushwa mara tano kwa hasara ya 35, karatasi rasmi itasema mbio ni 85, na msomaji ataona wakimbiaji ni dhaifu. Zitenge kila wiki.

Mechi za mwanzo wa msimu zipeni uzito mdogo, maana timu kubwa nyingi huanza na vyuo vya daraja la chini. Swali ni kama namba zinabaki pale wapinzani wanapokuwa wagumu. LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) ya 2019 ndiyo mfano ninaowaonyesha vijana kila mara: pointi 46 nyumbani kwa Alabama, 37 dhidi ya Georgia, 63 dhidi ya Oklahoma, 42 dhidi ya Clemson kwenye fainali. Ule ulikuwa ushambuliaji wa kweli. Dakika za mwisho za mechi iliyokwisha kuamuliwa nazo zitenge, kwa kuwa walinzi wa akiba hugawa yadi bure. Na ukilinganisha misimu, kumbuka kwamba tangu 2023 saa haisimami tena kila timu inapopata majaribio mapya, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Majaribio yamepungua, hivyo jumla za 2022 na 2023 hazilingani moja kwa moja.

Utaratibu wangu sasa ni wa Jumapili asubuhi. Natazama video nzima nikiwa na karatasi na penseli kabla sijafungua takwimu rasmi, naandika zamu moja moja, na pembeni naweka sababu ya kila iliyokufa: adhabu, mpira kudondoshwa, mzuiaji kupitwa, mbinu iliyochaguliwa vibaya. Mchana nalinganisha na karatasi rasmi. Jioni nampelekea kocha ukurasa mmoja, na juu kabisa pana zamu zile tu zilizoanzia ndani ya yadi 25 zetu, kwa sababu huko hakuna wa kuwasaidia washambuliaji.