Port: bandari, kushoto, au tundu la kompyuta?

Kaka, umeuliza vipi «port» kwenye karatasi za mizigo ni bandari, mabaharia wakiitaja ni kushoto, na fundi wa kompyuta ana yake.

Ya bandari imetoka Kilatini, portus. Kwenye fomu, «port of loading» ni mzigo unakopakiwa, «port of discharge» unakoteremshwa. Ukizigeuza, Mombasa itasomeka ndiko mzigo unakotoka.

Tundu la kuchomeka waya wa USB ni la porta, lango, kama dirisha la duara ubavuni mwa meli. Portus na porta ni jamaa Kilatini, lakini zimeingia Kiingereza mbalimbali.

Inayowatatiza wengi ni ya kushoto. Zamani usukani ulifungwa upande wa kulia, starboard, kwa hiyo gatini meli ililazwa kwa kushoto usukani usivunjike. Kushoto kuliitwa larboard. Sasa piga kelele «starboard» na «larboard» kwenye upepo uone kama zitatofautishika! Jeshi la majini la Uingereza likaamuru port, upande unaoelekea bandari, itumike badala ya larboard, mwaka 1844.

Ipime ukiwa umeelekea omo, mbele ya chombo. Ukigeukia tezi, nyuma yake, mkono wako wa kushoto utakudanganya, maana port ni ubavu wa chombo, si wako. Usiku taa yake ni nyekundu. Ya starboard ni kijani.

Kuna na mvinyo, jina la mji wa Porto, Ureno. Huo kwenye karatasi zako utauona kwa chupa na lita.