Kitambulisho kisicho na jina

Swali lenu la wiki limenikera, niseme ukweli. Mmeuliza kwa nini mwananchi wa kawaida anavutwa kirahisi na mwanasiasa anayejiita mtetezi wa wanyonge. Hilo neno "kirahisi" ndo limenitoa kitandani saa tano usiku na bando lenyewe linakata. Nani kawaambia ni kirahisi?

Mi nilikuwa machinga wa viatu vya mtumba, mji mmoja Kanda ya Ziwa, siutaji. Mwaka 2014 hivi, siku ya Alhamisi, nina pea kumi na nne nimezisugua kwa mswaki usiku mzima mpaka soli zinang'aa. Sasa wanaojua biashara hii wanajua, kiatu unatandika cha mguu mmoja tu, mwenzake anakaa kwenye mfuko, ili mwizi asipate faida. Mi nilitandika ya kulia. Mgambo wakashuka kwenye gari, watu wakatawanyika kama kuku, nami nikabeba mfuko nikakimbia hadi nyuma ya msikiti, nafungua, miguu ya kushoto kumi na nne. Ya kulia wameondoka nayo wao. Mama muuza vitumbua alicheka mpaka akakaa chini, mi nilikuwa karibu kulia.

Nikaenda ofisini kwao kuifuata. Siku ya kwanza njoo kesho, ya pili mhusika hayupo, ya tatu nikamkuta bwana mmoja anakula karanga, hata kichwa hakuinua. Faini aliyotaja ilizidi bei ya mzigo wote. Nikampa shikamoo zote ninazozijua. Akaniuliza we nani, nikasema mi machinga wa pale stendi, akasema machinga sio jina. Viatu vyangu nilikuwa naviona dirishani, vimerundikwa uani vinanyeshewa, kwao havina maana na kwangu havina maana, lakini kurudisha hawataki. Ngoja nisirefushe, ingawa najua nimesharefusha.

Basi 2015 Magufuli anapita kuomba urais, anasema wanyonge, wanyonge, mlitegemea nifanyeje? Desemba ile akafuta sherehe za Uhuru, nchi nzima ikaambiwa ifanye usafi, na yeye mwenyewe anaokota taka barabarani. Halafu mwisho wa 2018 vikatoka vitambulisho vya wajasiriamali, elfu 20 kwa mwaka, kwa yeyote mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Nililipa asubuhi, mchana nimeshakining'iniza shingoni kwa kamba. Mgambo akapita, akakiangalia, akaniuliza kama nina namba 42. Akanunua! Alilipa cash, na heshima yangu akanipa, kaka. Sasa mtu ambaye hajawahi kukimbia na mfuko wa miguu ya kushoto ataniambia nilidanganywa?

Hapo ndo nilitaka kumalizia. Lakini nimekitoa kile kitambulisho droo ya kabati nikiangalie vizuri wakati naandika, na changu hakina jina langu. Wala picha. Ningeweza kumpa jirani na kikamfaa vilevile. Yaani ile kadi haikuwa inasema mi nani, ilikuwa inasema mkubwa kasema niachwe. Na mkubwa akiondoka? Alifariki Machi 2021, ikifika Oktoba machinga tunaambiwa tuhamie maeneo yaliyopangwa, na kadi yangu haikuzuia chochote. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016 na mi sikujali hata kidogo, nilikuwa najiambia mi sina mkutano, nina meza. Meza ilipoondoka ndo nikatafuta wa kunisemea. Shemeji yangu wa Mtwara naye alishangilia ile 3,300 ya kilo ya korosho aliyotangaza Magufuli 2018, akaja kuisubiri hela mpaka akachoka kuuliza.

Kwa hiyo labda nilidanganywa, sawa, nakubali nusu. Lakini sio kirahisi, nilikuwa nimeandaliwa miaka na yule bwana wa karanga. Wakenya nao 2022 na toroli lao, ile alama ya chama cha Ruto kwenye uchaguzi, msiwacheke, kila mwenye kusukuma mkokoteni ana ofisi yake aliyosimamishwa mlangoni siku tatu. Mkitaka tusivutwe, shughulikeni na yule wa karanga kwanza, ingawa sijui mtaanzia wapi maana wako wengi na wengine ni ndugu zetu.

Na akija mwingine kesho anasema wanyonge? Nitampigia kura, najijua. Ila safari hii nitauliza jina langu linaandikwa wapi, na kama hakuna sehemu... bado sijui, pengine nitampa tu.

Viatu vile vya kushoto niligawa kwa mafundi wakakata ngozi. Kimoja kiko kwa mama kijijini, anazuilia mlango upepo ukija.