Acha reli zipumue: garimoshi dogo uani kwangu Malindi

Treni haifiki Malindi, kwa hivyo yangu nimeijenga uani, kati ya mwarobaini na kisima. Ni mzunguko wa mita 24, upana wa njia milimita 45. Kwa kipimo cha moja kwa 22.5, upana huo ni sawa na reli ya mita 1, ile ya zamani iliyotoka Mombasa hadi Kisumu. Ndiyo sababu nikauchagua.

Ukitaka kuanza, nakusihi jambo moja: usizibane reli. Mimi niliziunga mwezi wa Julai, kusi inavuma na hewa imepoa, nikazikutanisha ncha kwa ncha hata wembe usipite. Zilinyooka, nikafurahi sana. Februari, jua la kaskazi likiwaka, nilirudi kutoka sala ya adhuhuri nikakuta upande mrefu umejikunja kama nyoka, na mataruma matatu ya plastiki, yale yanayolala chini ya reli na kuzishika, yamekatika vishikio.

Reli zangu ni za shaba ya manjano, nayo hurefuka takriban milimita 0.019 kwa kila mita, kwa kila digrii moja ya joto. Mita 10 zikipata digrii 30 zaidi zinataka karibu milimita 6. Zisipopewa nafasi kwenye maungio, zitaitafuta ubavuni. Siku hizi, nikitandika asubuhi ya baridi kwa vipande vya mita 1.2, kila mwanya naupima kwa unene wa kadi ya benki. Mchana wa jua kali naupunguza, maana reli imekwisha kurefuka.

Mataruma nayo usiyapigilie kwenye saruji. Yalaze juu ya kokoto ndogo zenye ncha, zinazoumana. Changarawe niliyookota ufuoni ilikuwa mviringo, ikawa inateleza chini ya njia, tena imejaa chumvi. Jirani yangu, fundi mwashi, aliitazama akaniambia, "Mwanangu, mchanga wa hapa haushiki mpaka uuzuie kando." Tukachimba mtaro wa sentimita 15, tukapanga kingo za vipande vya mawe ya matumbawe vilivyobaki kwenye ujenzi wake, tukamwaga kokoto na kuzishindilia. Masika yote njia haikutikisika.

Mwinuko usizidi sentimita 2 kwa mita. Kona zipanue kadiri uwanja unavyoruhusu, mabehewa marefu hayapendi kubanwa.

Umeme wa kupitia relini niliuacha. Hewa ya bahari huifubaza shaba, na kila asubuhi nilikuwa nasugua kabla kichwa cha treni hakijasogea. Nimekitia betri ndani, na sasa napangusa mchanga tu.