Hiyo hela ni ya viti au ya kura?

Swali lenu la wiki hii, kama ni sawa kumdai hela mwanasiasa wa upande wenu kipindi cha uchaguzi, limenigusa pabaya. Wengi watawajibu kirahisi tu, deni ni deni. Sawa, ila kudai kila mtu anajua. Mimi ningeuliza hivi, ukishamdai kipindi hicho, hiyo hela atakayokupa inaitwaje?

Mimi nakodisha viti, turubai na muziki huku Morogoro, na pia ni mjumbe wa CCM, sisi ndo tunaopigia kura wanaotaka ubunge ndani ya chama. Wale wajumbe mnaosema si watu wazuri ndo sisi. Sasa mwaka 2020, kabla ya kura za maoni za Julai, kuna mtia nia mmoja wa ubunge, mtu wetu kabisa, tumehangaika naye tangu serikali za mitaa 2019, akawa anachukua viti kwangu kwa mali kauli. Kampeni kabla ya muda zilikuwa haziruhusiwi, kwa hiyo kila shughuli ilikuwa na jina lake, leo shukrani, kesho kisomo, na babu yake alisomewa hitma mara tatu mwezi mmoja, Mungu amrehemu. Kwenye daftari langu ikafika laki saba na themanini.

Zimebaki siku mbili wapige kura nikaenda kwake jioni. Uani wamejaa wajumbe wenzangu wanakula pilau, wamekalia viti vyangu, navijua kwa ile rangi nyekundu niliyopaka mgongoni, kimoja kimepasuka mguu wamekiegemeza ukutani nikajua na hicho hakuna atakayekilipa. Akanivuta pembeni kwenye masufuria. Nikamwambia mheshimiwa (tulishaanza kumwita mheshimiwa) naomba hata nusu, dereva wa kirikuu ananisumbua. Akacheka kidogo, "Dada'angu, wewe si mjumbe? Nikikupa hela usiku huu, Takukuru wakitokea hapo getini tutawaambia ni ya viti?"

Nikakosa jibu, Takukuru si ndo wanaokamata watu wa rushwa. Na kusema kweli alikuwa na pointi, hata mimi nikaanza kuwaza nikionekana natoka pale na bahasha itakuwaje. Ila mbona pilau hakuliogopa? Halafu chawa wake mmoja akadakia, "Mama, umetumwa na wale?" Hapo ndo niliumia. Viti vyangu, hela yangu, na msaliti ni mimi. Nikaondoka na sahani ya pilau imefunikwa foili, basi.

Akaanguka vibaya. Kura yangu msiniulize, ni siri. Simu yake ikawa haipatikani mpaka nikazoea. Nikiwasikia wanataja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, kwamba mgombea anatakiwa aeleze hela zimetoka wapi na zimeenda wapi, huwa nacheka. Walioanguka kwenye kura za maoni nani anawauliza, laki saba na themanini yangu imeandikwa kwenye daftari langu tu.

2025 huyo karudi. Fomu ya ubunge ya CCM mwaka 2020 ilikuwa laki moja, safari hii laki tano na hairudishwi, na hiyo laki tano anayo! Akanipigia mwenyewe, "Dada'angu, vile viti bado vipo?" Nikamwambia vipo, ila la zamani kwanza. Haijapita saa moja laki tatu ikaingia kwenye simu.

Naanza kuandika hapa nilitaka kuwaambia subirini uchaguzi upite, msiharibiane. Sasa naona ukipita huna wa kumdai, simu anapokea msimu huo tu. Kwa hiyo mdai, tena mapema, kabla hata hajachukua fomu, na iwe kwa simu ili meseji ibaki. Ila kama na wewe unapiga kura usiende zimebaki siku mbili hata kama daftari unalo mkononi, na kama ni vihela vya bando au mafuta ya bodaboda achana navyo, hesabu umechangia chama.

Ile laki tatu nimeipokea na mjumbe bado ni mimi, sijui mtasemaje. Mimi nimeiandika ya viti. Iliyobaki laki nne na themanini sijamdai, maana safari hii hata jina lake halikurudi kwenye mchujo wa chama, nimemwonea huruma kidogo.