Barua zake kavu, nimwajiri?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina ghala la dagaa na mawese hapa Mwanga, Kigoma, natafuta mtunza stoo. Kuna binti wa Kasulu nilimpenda kwenye usaili, ila barua zake mbili za waajiri wa zamani zinasema tu alianza lini, akaacha lini, na kazi aliyofanya. Neno zuri hakuna, baya hakuna. Nilipompigia mmoja wao akajibu, "Ndiyo, tulikuwa naye," akakata simu. Mume wangu anasema kimya hicho kina jambo, bora tumchukue shemeji yangu, mdogo wake yeye mume wangu, ambaye barua yake imejaa sifa. Nifanyeje?
Mama Mawese, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na barua ya shemeji yako, maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Nilipokuwa nasimamia ghala la asali Tabora nililetewa kijana mwenye barua ya mhuri wa bluu: mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu. Mwezi wa tatu tukahesabu madumu. Safu ya mbele imejaa, safu ya nyuma madumu 11 matupu, yamefungwa vifuniko vizuri kabisa. Nikampigia aliyeandika ile barua. Akacheka! "Mzee, ningeandika vingine nani angenipokelea?"

Barua kavu ni jambo la kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi, haimtaki amsifie. Kwingine karani anafungua barua ya mwaka juzi, anabadilisha jina na tarehe, bosi anasaini amesimama. Na zipo kampuni ambazo afisa utumishi haruhusiwi kutaja zaidi ya cheo na tarehe, kwa kuogopa kesi.

Lakini mumeo naye si wa kupuuzwa, kuna kimya cha mtu anayeficha. Kwa hiyo piga tena, ila si kwa bosi. Mwombe binti namba ya msimamizi aliyekuwa akimkabidhi funguo. Usimuulize kama ni mwaminifu, nani atakujibu hapana kwenye simu? Muulize kama binti alishika funguo peke yake. Muulize siku anaondoka makabidhiano yalichukua muda gani, na hesabu ilikuja sawa au walibaki wakitafutana. Ukisikia anajikuna kichwa hapo, umepata jibu lako.

Halafu mwite ghalani siku moja, umlipe posho ya siku. Chagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika na mwalo wa Kibirizi umetulia, usije ukamjaribu mtu katikati ya vurugu za mzigo. Mpe gunia ulilopokea wakati wa mvua, ambalo leja inasema kilo 30, umwambie alipime na kuliandika. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba dagaa waliokuja na unyevu hawabaki na uzito wao. Mizani itasoma 28, pengine na nusu. Nyamaza. Akijaza 30 ili daftari lipendeze, mshukuru na umpe nauli ya Kasulu. Akikwambia "Mama, zimepungua mbili, mimi sijui," bado ni mkweli, anafundishika. Ila akikuuliza mzigo uliingia lini na ulianikwa siku ngapi, kisha akaandika 28 na sababu pembeni, mpe mkataba wa maandishi wenye muda wa majaribio, na zile barua zirudishe kwenye bahasha.

Shemeji yako naye mpe gunia lilelile, siku nyingine, na mumeo asiwepo ghalani.