Maswali ya Wasomaji: Kinyama cha Titi na Majibu Yake

SWALI: Nina umri wa miaka 43. Nimegundulika na uvimbe kwenye titi la kushoto, hauumi, na daktari anataka nichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kitolewe kwa sindano kikapimwe maabara, kabla ya upasuaji. Ndugu zangu wananikataza kwa kuwa wanaamini uvimbe ukichomwa sindano husambaa. Tena shangazi yangu, dada wa baba, alipougua saratani ya titi alifanyiwa upasuaji akapewa vidonge vya kumeza kila siku, ilhali mwenzake wa wodini aliwekewa dripu kwa mwaka mzima. Ugonjwa si ni mmoja? Na mimi niko hatarini kiasi gani?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Dada, mkubalie daktari wako, tena mapema. Vivimbe vingi vya titi si saratani. Kwa wasichana na wanawake vijana mara nyingi huwa ni fibroadenoma, uvimbe wa mviringo unaoteleza chini ya vidole, na kwa wenye umri unaokaribia wako huwa mara nyingi ni vifuko vya maji. Hata hivyo, mkono wa daktari hauwezi kuthibitisha uvimbe ni wa aina gani, hata uwe na uzoefu wa miaka mingi, na kutouma kusikutulize, kwa sababu saratani ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi.

Hofu ya ndugu zako siidharau, maana imetokana na kuona watu wao wakizidiwa muda mfupi baada ya kupimwa. Lakini wengi wa hao walifika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kupasua ngozi au kuingia kwenye ini, mapafu au mifupa. Wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano wamefuatiliwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na haikuonekana kwamba sindano iliwafupishia maisha.

Ama kuhusu shangazi yako na mwenzake, ugonjwa wao unaitwa jina moja, lakini si mmoja. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow aliandika habari za mwanamke ambaye saratani yake ya titi ilinywea baada ya kuondolewa ovari, na baadaye ikafahamika kuwa saratani nyingine za titi hulishwa na homoni ya estrojeni. Mwaka 2000 Charles Perou na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni katika sampuli 65 kutoka kwa watu 42, wakaonyesha kuwa vivimbe vya titi hugawanyika katika makundi yanayotofautiana tangu ndani ya seli. Hospitalini makundi hayo hutafutwa kwa vipimo vitatu utakavyoviona kwenye karatasi ya majibu: ER na PR, yaani vipokezi vya homoni, sehemu za seli ambazo homoni hujishikiza, na HER2, protini inayoichochea seli kujigawa.

Saratani yenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, dawa ya bei nafuu ambayo ikitumiwa kwa miaka 5 hupunguza vifo vitokanavyo na saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Huenda shangazi yako alikuwa wa kundi hili. Yenye HER2 nyingi hupewa trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa muda wa mwaka mmoja pamoja na kemotherapia, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na huenda ndiyo dripu uliyoiona. Ile isiyo na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, inayoitwa hasi tatu, hutegemea zaidi kemotherapia. Ndiyo maana ninaipinga kwa nguvu desturi ya kukata titi kwanza na kupima baadaye: uvimbe mkubwa mara nyingi hufaa kupunguzwa kwa dawa kabla ya kisu, na dawa haichaguliki bila majibu.

Hapa naomba unisome kwa makini zaidi. Vipande vinavyotolewa na sindano ni vyembamba kama tambi, na huharibika upesi. Vinatakiwa kuingizwa kwenye formalini, dawa ya maji ya kuhifadhi vipande, ya asilimia 10 mara moja, wala visicheleweshwe zaidi ya saa moja, kisha vikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa. Vikiwekwa kwenye maji au kuachwa mezani, vipokezi hupotea, karatasi ikaandikwa hasi, na mgonjwa akanyimwa vidonge ambavyo vingemsaidia. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke mwenyewe maabara, uliza kama kilichomo ni formalini, hakikisha jina lako, tarehe na saa vimeandikwa, na usikilaze nyumbani. Majibu yakisema HER2 2+, yaani si hasi wala chanya, hayo hayajakamilika. Kinahitajika kipimo cha pili cha jeni.

Kuhusu hatari yako, wengi hudhani saratani ya titi hurithiwa kwa upande wa mama tu, jambo ambalo si kweli. Jeni za BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, zinapokuwa na hitilafu hupitia kwa baba vilevile, na takriban wanawake 7 kati ya 10 wenye hitilafu hiyo hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Lakini saratani za kurithi hazizidi sana asilimia 5 hadi 10 ya zote, na shangazi mmoja pekee si ushahidi wa kutosha. Mweleze daktari aliugua akiwa na umri gani, na kama wapo wengine katika ukoo. Pombe na unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari. Kunyonyesha huipunguza, kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12, kulingana na takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30 zilizochapishwa mwaka 2002. Sidiria, na hata pesa zinazofichwa humo, hazihusiki.

SWALI: Mke wangu ana saratani ya titi, uvimbe wa sentimita 2. Je, ni lazima titi lote liondolewe?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Si lazima. Utafiti ulioongozwa na Bernard Fisher nchini Marekani kuanzia mwaka 1976 uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na walioondolewa uvimbe tu waliishi sawa na walioondolewa titi lote. Sharti ni mionzi: bila mionzi, uvimbe ulirudi katika titi lilelile kwa asilimia 39 yao, na kwa waliopata mionzi ni asilimia 14. Mionzi hutolewa Bugando hapo Mwanza na Ocean Road, Dar es Salaam, kwa wiki kadhaa, karibu kila siku. Muulizeni daktari, kabla ya siku ya upasuaji, nafasi itapatikana lini. Na ikiwa mkeo hataweza kuhudhuria siku zote hizo, kuondoa titi lote ni uamuzi salama zaidi.