Puma wa Central Park na ukwaju wa Mombasa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa tatu New York. Kila asubuhi hukimbia Central Park, na pale barabara ya East Drive inapopanda, karibu na mtaa wa 76, kuna mnyama wa shaba amejikunyata juu ya mwamba kama anayetaka kunirukia. Siku ya kwanza nilisimama moyo ukinidunda. Lakini mbona wamemwacha mweusi hivyo? Kwetu sinia la shaba husuguliwa kwa ukwaju mpaka ujione uso.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni puma, paka mkubwa wa Amerika, na yuko hapo tangu 1883. Aliyemuumba ni Edward Kemeys, ambaye awali alikuwa mkata miti humo humo bustani ikitengenezwa. Uchongaji akajifunza mwenyewe. Hakuna jukwaa la kumnyanyua, ameketi kwenye jiwe la mahali pale pale, na kwa macho yangu hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ungemkuta juu ya marumaru usingeshtuka.

Tuje kwenye ukwaju. Sinia la nyumbani ni shaba ya manjano, shaba na zinki, nalo hukaa ndani. Puma ni shaba na bati, na analala nje kwenye mvua na theluji. Ile rangi ya giza ni ngozi yake. Mafundi huianzisha kwa moto na dawa kabla sanamu haijatoka karakana, kisha hewa huiongeza. Asidi ya ukwaju huila ngozi hiyo, shaba ikabaki uchi, na mvua ya mjini ikaanza kuichora michirizi ya kijani.

Tena kusugua kunapunguza. Nilipokuwa kijana nilikuwa na zamu ya kumsugua paa mdogo wa shaba wa babu yangu, kila Alhamisi, ukwaju na mchanga. Baada ya mwaka aling'aa kweli. Babu alimshika, akapapasa kwa kidole gumba palipokuwa na mkunjo wa kope. Pamekuwa laini kama kokoto. Hakunigombeza, lakini mpaka leo naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo sanamu ya nje huoshwa kwa maji na sabuni laini, ikauke, ipakwe nta. Ukitamani shaba inayong'aa, shuka hadi karibu na mtaa wa 67 kwa Balto, mbwa aliyeongoza kundi la mwisho kufikisha dawa ya dondakoo Nome, Alaska, mwaka 1925. Mgongo wake ni kama dhahabu kwa kukaliwa na watoto.

Puma wako mtazame siku ya mvua, pale unapoweza kumsogelea. Maji yakijikusanya matone na kuteleza, nta bado ipo. Yakitandaa na kulowesha, imekwisha, na ni wakati wa kupakwa tena.